Nesi wa Kurasa Kumi

Vijana wa chumba cha uhariri, mliniandalia keki ya kustaafu, mkaimaliza nikiwa bado natoa shukrani, kisha mkaniomba niandike machache kuhusu kazi yangu. Nitaandika. Nani alipanda cheo lini na nani alilipwa nini, hayo waulizeni wenye kumbukumbu nzuri na roho mbaya. Mimi nitawaeleza jinsi riwaya za kuchekesha za vijana zinavyotengenezwa, na jinsi nilivyowahi kuiharibu moja, ambayo ilikuwa nzuri kuliko zote.

Nilivuka mpaka Malaba nikitoka Bungoma na sanduku la bati na cheti cha ualimu wa Kiswahili. Kampala ya wakati ule ilimhitaji mwalimu wa Kiswahili kama kuku anavyohitaji mswaki. Kwa wazazi wengi hapa, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya mwizi, na mara nyingi waliwasikia wote wawili wakikizungumza kwa pamoja. Mwenye kampuni yetu alikuwa na wazo lake: kijana akicheka kwa lugha fulani, ataacha kuiogopa. Kwa hiyo alichapisha riwaya za Kiswahili za vichekesho kwa watoto wa sekondari, katika vyumba vitatu mtelemkoni Lubaga, juu ya duka la masufuria. Wazo lile halikumnenepesha, lakini bado naliona ni zuri.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na mhariri mkuu, Mzee Lwanga. Kila alfajiri alikwenda misa kanisani kule juu kilimani, akashuka na subira ya kumtosha mpaka kama saa nne hivi. Nilifika saa nne na nusu. Alinipa mkasi, chupa ya gundi, kalamu nyekundu na mswada wa kijana aliyejifanya kiziwi muhula mzima ili asiitwe ubaoni.

"Nnyabo, soma hii," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda chake. "Mwisho yake imekufa. Tengeneza ingine."

Nilisoma mpaka jioni. Nilicheka hadi wauza masufuria wakagonga dari yao kwa mti wa ufagio. Kweli, mwisho ulikuwa umekufa: mwandishi alichoka, akamwacha kijana wake darasani amejisahau na kuitikia jina lake.

"Huyu mutoto anataka kuwa nani?" Mzee Lwanga akaniuliza.

"Hajasema, Mzee."

"Basi akuwe dakitali. Mainjinia tulimaliza wiki iliyopita."

Nikamfanya daktari wa masikio. Mzee alisoma, akakohoa kwa furaha, na tangu siku hiyo sura za mwisho zikawa zangu. Waandishi wetu walijua kuchekesha, lakini hawakujua kumaliza, au mimi niliamini hawajui. Dawa yangu ilikuwa moja. Kijana anaranda na ujinga wake kwa sura kumi na moja, halafu katika ya kumi na mbili anakutana na mtu mzima mwenye miwani, analia kidogo, anatambua yeye ni nani, anajiandikisha chuo. Niliweka daftari la fani ili zisijirudie karibu karibu: daktari, rubani, wakili, mwanasayansi wa migomba, na mtawa mmoja ambaye Mzee Lwanga mwenyewe alinisihi nimweke. Hakuna kijana hata mmoja katika vitabu vyetu aliyeishia kuwa msusi au muuza samaki. Laiti nchi ingefuata riwaya zangu, tungekuwa na marubani elfu na hakuna wa kuparua sato.

Mengine niliyojifunza kwa yule mzee ni ya kweli, na ningependa myashike. Soma kila mstari kwa sauti. Kichekesho kinachohitaji maelezo kikate, hata kama ni cha rafiki yako. Mswada usiwape wakubwa kwanza. Kila Ijumaa tulipanda boda mpaka shule moja ya Kibuli, tukawasomea wanafunzi, nami nikakaa nyuma na penseli nikiweka alama pale wanapocheka. Kicheko cha kijana hakina adabu, ndiyo sababu kinaaminika. Ila hakikisha hakuna mwalimu ndani. Mara moja mwalimu mkuu aliketi nasi kwa heshima, na darasa zima likacheka pale alipocheka yeye, yaani hakuna popote.

Ni kwenye shule hiyo mkutubi wao, mama mmoja mcheshi mwenye hijabu ya bluu, aliniita kwenye kabati siku moja.

"Madam Nekesa, njoo uone vitabu vyenu vinavyorudi."

Akafungua kimoja. Kurasa zilikuwa nyeusi kwa vidole, zina mafuta ya chapati, pengine na mchuzi. Akafungua sura ya mwisho. Ilikuwa nyeupe pee. Akafungua kingine na kingine, hali ile ile.

"Watoto wakifika hapo," akasema, "wanajua mzazi ameingia chumbani."

Niliumia, sitaficha. Nilirudi nikamwambia Mzee Lwanga, naye akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. "Nnyabo, mutoto hanunui kitabu. Mzazi ndiye ananunua, na mzazi anasoma mwisho pekee yake. Sula ya mwisho ni yake." Mwaka uliofuata alistaafu. Nilirithi kiti chake, kikombe chake kilichobanduka mpini, na ugonjwa wake wa sura za mwisho.

Sasa nifike kwa Afande Akello.

Alikuja kwetu akiwa na sare ya polisi iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Watu wawili waliokuwa wakisubiri pale mapokezi walikumbuka wana safari. Alikuwa sajenti, mzaliwa wa Gulu, Mkatoliki, ameolewa na askari mwenzake Mwislamu wa Arua, na wote waliishi kwenye nyumba za polisi na watoto wao. Akaweka mezani madaftari manne. Kila sura ilianza kwa saa na mahali pa tukio, kama maelezo ya kesi.

Niliyasoma kwa siku moja. Yalihusu Jeska, msichana wa kambi ya polisi mwenye miaka kumi na saba, ambaye kila mtu anamuuliza atakuwa nani, naye hajui, basi anajaribu kila kitu. Anajiunga na kwaya Lubaga, anaanguka kutoka jukwaani juu ya mpiga kinanda. Anakwenda madrasa Kibuli ili kumfurahisha baba, anahifadhi kwa sauti kubwa mno, ustadhi anamwomba apumzike mpaka baada ya Idi. Anaanza biashara ya samaki Port Bell, na kaloli, yule ndege mkubwa wa jalalani, anamfuata kila siku kama mbia. Katika ukurasa wa mwisho Jeska amekaa kwenye ngazi ya nyumba yao. Mama yake anatoka na kumuuliza, "Sasa utakuwa nani?" Jeska anasema, "Sijui, Mama. Kaa." Na mama anakaa. Basi.

Nilimwita Afande. "Kitabu ni kizuri sana. Mwisho wake uko wapi?"

"Hiyo ndiyo mwisho."

"Lakini huyu mtoto hajawa kitu."

"Madam, hata yangu haijakuwa kitu," akasema. "Iko nyumbani, inaitwa Zaituni. Haizungumzi na mimi, hii ni mwezi ya saba."

Akanieleza akitazama dirishani. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na Zaituni akawa amefeli, yeye mama alisimama kwenye bomba la maji la kambi, mbele ya wake wa maaskari wote, akasema huyu mtoto ni wa bure. Tangu siku ile binti alikuwa akimjibu kwa ujumbe wa simu tu, naye yuko kitanda cha pili katika chumba hicho hicho.

"Mimi najua kutoa amri," akasema Afande. "Kuomba musamaha hawakutufundisha. Ndiyo nikaandika. Kitabu ikitoka nitamupatia asome. Aone kwamba mama alikaa, hakusema kitu. Hiyo tu. Usiguse hapo."

Nikampa mkono kwamba sitagusa. Nilimaanisha. Tulipousoma mswada Kibuli, penseli yangu ilishindwa kufuata vicheko. Tulipofika kwenye ngazi darasa likanyamaza, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Halafu?" Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuona mwisho ukipokewa vile. Ningekuwa na akili ningefunga daftari langu la fani siku hiyo.

Prufu, yaani kurasa za majaribio, zilipotoka, Afande alikuja kuzisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akatia saini kila ukurasa kama anavyofanya kwa maelezo ya washukiwa. Nikapeleka kiwandani. Siku mbili baadaye mchapaji akapiga simu.

"Madam, kitabu yako imeishia ukurasa mia moja kumi na nane. Nyuma kuna kumi tupu. Tuweke nini?"

Kwa msiojua bado: karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa kumi na sita kwa mara moja, kwa hiyo kitabu hakiishii pale mwandishi anapotaka. Kurasa zikibaki, mhariri mwenye akili timamu anaweka matangazo ya vitabu vingine, au anaziacha tupu watoto wachore. Mimi nilitazama kurasa kumi tupu baada ya msichana asiyekuwa kitu, na vidole vikaanza kuniwasha. Hakuna aliyeniagiza. Mwenye kampuni alikuwa safarini, Mzee Lwanga alikuwa kijijini kwake anapalilia kahawa. Mazoea yana taabu. Kati ya chakula cha mchana na chai ya saa kumi, Jeska alikuwa ameinuka kwenye ngazi, amekutana na nesi mwenye miwani, amelia, amejitambua na kujiandikisha chuo cha uuguzi. Nilitumia neno "hatimaye" mara nne. Nilijiona bingwa.

Sikumwambia Afande. Nilijiambia kwamba mwandishi akikuta kitabu kimenenepa hufurahi.

Vitabu vilipofika alikuja kuchukua nakala yake. Nilimwona anakigeuza geuza mikononi bila kukifungua, kisha akakifunga kwenye gazeti. "Sitasoma," akasema. "Afungue yeye kwanza." Macho yake yalikuwa yamejaa, yeye sajenti. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikasema, "Hongera, Afande." Nimewahi kupitisha sentensi nyingi mbovu kwenda kiwandani, lakini hakuna ninayoijutia kama hiyo.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa siku tatu. Siku ya tatu aliingia msichana mrefu mwenye kandambili, kitabu mkononi, kidole chake kikiwa ndani kama alama.

"Anti, wewe ndiyo Madam Nekesa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi ni Zaituni. Mama yangu ni Afande Akello. Niko na swali moja, halafu naenda. Basi ya Arua ni kesho asubuhi, nimeshapanga nguo, naenda kukaa kwa shangazi."

Nikamwomba akae, akakataa.

"Hii kitabu nilicheka mpaka Baba akagonga ukuta," akasema. "Ile ya kaloli, ilinipata kweli. Sikujua Mama aliona. Nikafika kwa ngazi, nikalia. Nikasema leo namaliza, halafu naenda kumwongelesha. Nikageuza ukurasa." Akafungua pale kidole kilipokuwa. "Kumbe alikuwa ananizungusha tu. Stori yote, samaki yote, ni ya kunipeleka nursing. Bado anasema mimi ni wa bure, sasa ameandika mpaka kwa kitabu."

Nikaanza kupanga penseli mezani.

"Lakini nikasoma tena," akaendelea. "Mama hajawahi kusema 'hatimaye' tangu nizaliwe. Basi niambie. Hii, ni yeye ameandika?"

Ningeweza kusema ni makosa ya kiwanda. Mchapaji amebebeshwa dhambi zetu nyingi, moja zaidi asingeihisi. Nilikuwa hata nimeshafungua mdomo. Lakini upande mmoja palikuwa na basi la Arua, upande wa pili mama aliyelia juu ya gazeti, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama katikati yao.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Zilibaki kurasa kumi, nikazijaza. Mama yako hajui. Hajaziona hata leo."

Akafunga kitabu. "Wewe unanijua mimi?"

"Hapana."

"Hunijui, na ukanipa kazi."

Nimesomwa na wahakiki, nimesutwa na maprofesa. Hakuna aliyenimaliza kama mtoto yule. Nilikwenda kabatini nikamtolea daftari la nne la mama yake. Mwandiko wa kalamu ya wino ulikuwa umeminywa mpaka ukatokea upande wa pili. Akasoma ukurasa wa mwisho amesimama. Akageuza aone kama kuna kitu nyuma, akakuta karatasi tupu. Akasoma tena, na safari hii akakaa.

"Mpigie," akasema.

Afande alifika kwa boda, bado yuko kazini, sare na yote. Alipomwona binti yake ofisini alisita mlangoni. Nilimweleza kila kitu mbele ya Zaituni, tangu simu ya mchapaji mpaka ile "hongera". Sikujitetea, nilikuwa sina cha kujitetea nacho. Alisoma ukurasa mmoja wa nesi wangu, akafunga kitabu.

"Madam," akasema taratibu, "kisu iko wapi?"

Nakiri kwamba nilitazama mlango wa nyuma. Kumbe alimaanisha kisu cha karatasi.

Vitabu vyote vilikuwa bado stoo, maboksi kumi na mawili, maana vilikuwa vinasubiri gari la kwenda mashuleni. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini karatasi tano zinakatika. Nilileta visu viwili na rula ya chuma. Niliwaonyesha jinsi ya kubana kitabu, kuweka rula karibu na gundi na kuvuta mara moja bila kusita, ukisita inachanika. Mama alikaa upande mmoja wa meza, binti upande wa pili. Mimi nilibeba maboksi, kwa kuwa hakuna aliyeniamini tena na kisu. Manesi walirundikana sakafuni mpaka magotini.

Kulikuwa na mlio wa visu tu, na masufuria chini. Kila nikipita na boksi nilimwona Afande anainua macho, anamtazama mtoto wake, anayarudisha kwenye rula. Alikuwa anaogopa. Nilimwonea huruma kuliko ninavyoweza kueleza, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Zaituni alikuwa hajasema kama anabaki au anaondoka. Nguo zake zilikuwa bado zimepangwa.

Tulikuwa kwenye boksi la tano aliposema, bila kuinua kichwa:

"Ukurasa ya arobaini umedanganya."

Kisu cha mama kilisimama. Miezi yote ile, na hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza.

"Nimedanganya wapi?"

"Ile ya kwaya. Umeandika Jeska alianguka kwa sababu alikuwa anapunga watu. Mimi sikuanguka, Mama. Nilisukumwa. Padri akakuita, ukaja na sare, ukanichapa palepale nje ya kanisa. Hukuuliza."

Nilikuwa nimesimama na boksi kifuani. Mwili wote uliniwasha kutia neno: kwamba riwaya si lazima iwe kweli yote, kwamba mama naye alikuwa na aibu yake, kwamba wasameheane. Nilikuwa na sentensi tatu tayari, zote nzuri. Nikazimeza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko yoyote niliyoifanya katika kampuni ile.

"Sikuuliza," akasema Afande Akello. "Nani alikusukuma?"

"Ni stori mrefu. Inaanza hata kabla ya kwaya."

Afande akafuta mikono kwenye suruali ya sare. Akafungua mfuko wa shati, akatoa kidaftari chake cha kuandikia maelezo ya kesi na kalamu. Akapekua mpaka kwenye ukurasa usio na kitu, akautandaza juu ya boksi. Akaandika saa. Akaandika mahali. Chini yake akaandika jina la binti yake, lote, la kwake na la baba, polepole kama mtu anayejifunza kuliandika.

"Haya," akasema. "Sema yote. Leo mimi nasikiliza tu."